Chomeka Waya Kwanza: Mazungumzo na Wakaazi wa Mji Mkongwe kuhusu Intaneti ya Nyumbani

Haya niliyazungumza Jumamosi baada ya Alasiri katika ukumbi wa skuli ya mtaa. Waliokuwa safarini na waliobaki dukani wameniomba niyaandike. Picha nilizoonesha ukutani nimeziacha, maana hata waliokuwepo hawakuzitazama.

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na soketi. Sheha wetu, ahsante kwa ukumbi. Maalim, ahsante kwa kunialika, ingawa najua umenialika kwa sababu intaneti ya kwako ndiyo mbovu kuliko zote.

Nianze na suali. Mikono juu: nani hapa intaneti ya nyumbani kwake inamtesa? Leo inakimbia, kesho inatambaa, asubuhi nzuri, usiku haipo? Naona ukumbi mzima. Haya, shusheni. Suali la pili: nani kati yenu amewahi kuchukua waya, akauchomeka kwenye ruta, kile kisanduku kinachotoa waifai, upande huu na kwenye kompyuta upande wa pili, halafu akapima kasi? Wawili. Na mmoja wao ni mwanafunzi wangu, kwa hivyo tuseme mmoja.

Ndugu zangu, mnaikumbuka Disemba ya 2009? Waya wa umeme unaotoka bara ukaharibika, Unguja ikakaa gizani miezi 3. Wakati ule hakuna aliyepanda kiti kuangalia taa ya chumbani kwake. Giza lilikuwa la wote, kosa lilikuwa moja, na lilikuwa mbali. Nadhani ndipo tulipojifunza tabia hii: kitu kikikatika, tunatoka barazani, tunawalaumu wakubwa, tunangoja.

Intaneti haiko hivyo. Ikifika kwenye simu yako imeshapita safari ya vipande vinne. Kuna kipande cha hewani, kutoka simu hadi ruta. Kuna kipande cha waya, kutoka ruta kupita kisanduku cha faiba, ule uzi wa kioo wa kampuni, hadi nje ya nyumba yako. Kuna kipande cha kampuni, mitaani na mitamboni kwao. Na kuna kipande cha bahari, kutoka Afrika Mashariki hadi huko ziliko kompyuta za dunia. Kipande chochote kikilegea, wewe unaona kitu kimoja tu: kiduara kinazunguka. Kiduara hakisemi kimelegea wapi. Ndiyo maana nasema, na leo mtanisikia nikisema mpaka mnichoke: chomeka waya kwanza.

Sasa niwape kisa cha Bibi mmoja wa Kiponda. Ameniruhusu nikisimulie ila nisitaje jina, na yupo humu ndani, kwa hivyo nitasema ukweli mtupu.

Bibi ana mjukuu Muscat. Kila Ijumaa baada ya chakula wanaonana kwa video. Alikuwa na kifurushi cha faiba cha megabiti 10 kwa sekunde. Video inaganda, mjukuu anabaki mdomo wazi kama papa. Akapiga simu kwenye kampuni, akaambiwa apandishe kifurushi. Akapandisha hadi 20. Video inaganda. Akapandisha hadi 40. Bado inaganda, na sasa pesa nazo zinauma. Ndipo akaniita: "Mwanangu, hawa wananiibia?"

Nikafika. Nyumba ya ghorofa tatu, ya zamani, mawe na chokaa. Nikauliza, ruta iko wapi? Iko chini kabisa, nyuma ya mlango mkubwa, imewekwa juu ya friji, kwa sababu hapo ndipo fundi wa kampuni alipoingizia waya wake na hakutaka kupanda ngazi. Na Bibi anakaa wapi? Ghorofa ya tatu, upande wa bahari.

Nikachomeka waya. Nikapima: 40, kamili. Hajaibiwa hata megabiti moja. Nikapanda na simu ghorofa ya kwanza: 17. Ghorofa ya pili: 6. Kwenye kiti cha Bibi: 2, na mara nyingine hakuna. Mnaona? Alinunua maji mara tatu, na maji yote yalifika mlangoni. Bomba la kuyapandisha juu ndilo halikuwepo.

Wengi wetu humu tunaishi katika nyumba kama ile. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, unene wake nusu mita na zaidi. Babu zetu walizijenga zizuie joto, wakafaulu, na mawimbi ya waifai nayo yanazuiwa humo humo. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini hayapendi ukuta. Ukuta mmoja wa kwetu unatosha kuyamaliza nguvu. Ya gigahezi 2.4 yanapenya vizuri kidogo, lakini hiyo ni njia nyembamba, na kila jirani yumo. Nyumbani kwa Bibi nilihesabu mitandao 23 ya majirani, vichochoro vyetu mnavijua, mtu akipiga chafya Malindi anaambiwa "yarhamkallah" kutoka nyumba ya tatu. Kwenye hiyo 2.4, chaneli zisizogongana ni 1, 6 na 11. Ukiweka 3 au 4 ukidhani umejificha, unagongana na wa kulia na wa kushoto pamoja. Jiko la mawimbi, yaani maikrowevu, nalo hufanya kazi hapo hapo, kwenye 2.4, ndiyo maana chai ikipashwa moto video inakatika.

Kuna mtu humu, simtazami, aliyenunua kile kidude cha kuchomeka ukutani cha kurefusha waifai. Amekiweka wapi? Chumbani kwake, kule ambako mawimbi yameshakufa. Ndugu yangu, kidude kile hurudia kile kinachokisikia. Kikisikia minong'ono, kitarudia minong'ono. Tena vile vya bei rahisi husikiliza na kusema kwa redio moja, kwa hivyo kasi hugawika karibu nusu. Kiweke katikati ya njia, pale mawimbi yangali na nguvu. Au fanya tulichofanya kwa Bibi: tulipitisha waya kwenye uwazi wa ngazi, kando ya boriti, hadi ghorofa ya tatu, tukafunga ruta ya pili pale juu. Mita 18 za waya. Nikapima kwenye kiti chake: 38. Akarudi kwenye kifurushi cha 10, na mpaka leo video haijaganda. Bibi, uongo? ... Anasema ni kweli, ila chai sikuimaliza.

Wenye ruta za laini ya simu nisiwasahau. Kwenu mambo ni mafupi: ipandisheni ghorofani, iwekeni dirishani upande uliko mnara, msiifiche chini ya mabati wala nyuma ya tangi la maji. Na jueni kwamba mnara mnagawana na kila aliyeshika simu mtaani. Saa 8 za usiku itakimbia, saa 2 itachoka. Hilo dirisha haliliponyi.

Kabla sijaendelea, jambo dogo linalogombanisha watu na makampuni bure. Kifurushi huuzwa kwa megabiti. Faili hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Mwenye megabiti 20 akiona kompyuta inashusha megabaiti 2 na nusu kwa sekunde, hajapunjwa, hiyo ndiyo 20 yake. Faili la gigabaiti 1 litamchukua kama dakika 7. Shemeji yangu alinuna wiki nzima kwa hesabu hii.

Sasa twende kwenye ile intaneti ya vipindi, ile ya sasa ipo sasa haipo. Hii ndiyo iliyonipa mvi. Kitu kilichokufa moja kwa moja unakiona. Kinachokufa na kufufuka kinakungoja uondoke ndipo kife.

Kijana mmoja wa Vuga anafanya kazi ya kufasiri kutokea nyumbani, mikutano yake ni ya usiku. Chumba kimoja na ruta, hakuna ukuta. Tukachomeka waya: kasi kamili. Tukapima mara ya pili: kamili. Naye anaapa kwamba usiku sauti inakatika, anasikia nusu ya neno. Nikamwambia, nunua daftari. Mambo ya programu baadaye, kwanza daftari. Kila inapokatika andika saa, na andika nani yuko nyumbani anafanya nini. Wiki moja.

Daftari likarudi. Jumatatu saa 3 kasoro robo usiku. Jumatano saa 4. Alhamisi hakuna. Ijumaa mara mbili. Hakuna mpangilio, mtu angesema. Lakini pembeni alikuwa ameandika, kwa mwandiko mdogo: "dada amerudi." "Dada amerudi." "Dada hayupo, kaenda harusini." "Dada na rafiki yake."

Dada ni mpiga picha za harusi. Anafika nyumbani, anaweka simu na kamera, vinashika waifai, na bila mtu kugusa kitu picha zote za siku nzima zinaanza kupanda kwenda kuhifadhiwa mtandaoni.

Mtasema, basi dada kala kasi yote. Si hivyo tu, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hata mafundi wengi hawalijui hili. Nendeni kwa mawazo bandarini Malindi, boti ya Dar iko tayari. Mlango wa kuingilia ni mmoja. Mbele yako kuna hamali ana mikokoteni 40 ya magunia. Wewe una bahasha mkononi, basi. Mlango haukufungwa, boti haikuharibika, ila bahasha yako itangoja mkokoteni wa arubaini uingie. Ruta nyingi ziko hivyo. Zimepewa ua mkubwa wa kungojea, kila kinachokuja zinakipokea, zinakipanga nyuma. Sauti yako ni bahasha. Picha za dada ni magunia. Tukapima muda wa kwenda na kurudi: nyumba ikiwa tulivu, milisekunde 30. Picha zikianza kupanda, 1,400. Sekunde moja na nusu karibu! Utazungumza na nani hivyo?

Mwaka 2010 mhandisi mmoja Mmarekani, Jim Gettys, aliligundua hili nyumbani kwake mwenyewe. Alikuwa anapeleka mafaili makubwa, na watoto wake wakawa wanalalamika kwamba intaneti ni nzito. Mtu aliyefanya kazi ya kompyuta maisha yake yote, na aliyemtambulisha tatizo ni mtoto anayenung'unika! Akalifuatilia, akakuta nyua za kungojea zimejazwa kila mahali, na wataalamu wenzake walikuwa hawajalitilia maanani. Miaka 2 baadaye Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha njia ya kuweka bawabu mwenye akili mlangoni: foleni ikianza kukaa sana, anawapunguza wenye magunia. Wengine wakaongeza lao, bahasha zipite katikati ya magunia. Ruta kadhaa za leo zina bawabu huyo ndani yake, ila utamkuta amelala. Mwamsheni. Humo kwenye mipangilio huitwa foleni ya akili, au jina la kufanana na hilo. Halafu iambieni ruta isitumie kasi yote: kama mmenunua ya kupandisha 5, wekeni 4 na nusu. Mnashangaa? Mnapunguza kasi ili foleni ipangwe nyumbani kwenu, kwa bawabu wenu, isiende kurundikana kwenye mtambo wa mwenzenu asiye na bawabu.

Na kama ruta yako haina hicho kitu? Mwambie dada apandishe picha baada ya saa 6 usiku. Kijana wa Vuga alifanya yote mawili, kwa sababu, anasema, ruta inasikia na dada hasikii.

Mzee pale anauliza, utajuaje ni kipande gani? Suali zuri, Mzee wangu. Fungua kompyuta, kwenye dirisha la kuandikia amri andika neno ping, halafu namba ya ruta yako, mara nyingi ni 192.168.1.1, imeandikwa chini ya ruta yenyewe. Itakuonesha muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde. Namba zikirukaruka hapo, 2, 3, 180, 5, 400, tatizo liko kati ya kompyuta na ruta, humo humo chumbani. Kampuni haihusiki, usiwatukane. Kikulacho ki nguoni mwako. Zikitulia hapo, andika ping na 8.8.8.8, namba ya Google, ya nje. Zikirukaruka huko tu, tatizo limeshavuka ruta. Tayari umekata safari vipande viwili kwa dakika moja, na hukulipa fundi.

Na waya nao si malaika. Wa mtandao una jozi 4 ndani yake. Kasi ya gigabiti inazitaka zote 4. Jozi moja ikikatika, vifaa huelewana vishuke kwenye megabiti 100, kimya kimya, bila kukwambia. Nimeona ofisi inayolipia 200 na kupata 94 kwa mwaka mzima, sababu ni panya. Na sisi tunakaa na bahari. Chumvi inakula vichwa vya waya. Ukikuta kichwa kina ukijani, kikate, kifungwe kipya.

Sasa kisa cha mwisho cha ndani ya nyumba, na hiki ninakipenda, maana kilinishinda mara mbili.

Familia moja, faiba. Kila siku magharibi intaneti inaanguka, kila siku asubuhi inarudi. Kampuni ikatuma fundi, akafika saa 4 asubuhi, akapima nguvu ya mwanga: hasi 20, mzuri kabisa, maana kadiri namba hiyo ya hasi inavyokua ndivyo mwanga unavyofifia. Akaondoka. Jioni ikaanguka. Akatumwa mwingine, saa 5 asubuhi. Mwanga mzuri. Wakaambiwa tatizo ni simu zao. Nikaitwa mimi, nikaenda mchana, nami nikasema mwanga mzuri. Naona aibu mpaka leo. Mara ya pili nikaenda mchana tena, maana nina kichwa kigumu. Mara ya tatu mama mwenye nyumba akaniambia, "Baba, wewe unakuja wakati haiumwi. Mgonjwa wa homa ya usiku anapimwa mchana?"

Nikabaki hadi Maghrib. Adhana ikatoka, mzee wa nyumba akainuka, akaenda kufunga mlango mkubwa, ule wa kuchonga, wa misumari ya shaba. Ukajibamiza. Na taa ya kwenye kisanduku ikawa nyekundu.

Uzi wa faiba ulikuwa umepitishwa kwenye bawaba ya mlango. Mlango ukifungwa, uzi unakunjwa. Ndani ya faiba ni kioo chembamba, mwanga unasafiri humo. Ukikikunja sana, mwanga unatoka nje pale kwenye kona. Tukapima mlango ukiwa umefungwa: hasi 31. Vile visanduku vya nyumbani, vikishapita hasi 27 au 28, vinapapasa gizani. Mchana mlango uko wazi kwa ajili ya hewa, mafundi wote tulipita hapo hapo, tukaukanyaga uzi, tukasema mwanga mzuri. Tukauhamisha uzi sentimita 40. Basi.

Kwa hivyo mnapopiga simu kwa kampuni, msiseme "intaneti mbovu." Hilo wanalisikia mara 100 kwa siku, na jibu lake wanalo: zima, washa. Semeni: "Nimechomeka waya, nimeondoa vifaa vingine, nimepima asubuhi, mchana na usiku siku 3, nina namba hizi, naomba fundi aje saa 2 usiku." Mtaona sauti ya upande wa pili inabadilika. Na kama haibadiliki, TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wana ofisi hapa Zanzibar na hupokea malalamiko. Daftari lako ndilo shahidi.

Kipande cha bahari nitakigusa tu, maana humo hatuna la kufanya. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Mwezi Februari mwaka huo huo nyaya za Bahari ya Shamu zilikuwa zimeshakatika, SEACOM ikiwemo, kwa hivyo njia ya kaskazini nayo ilikuwa majeruhi. Intaneti ya Tanzania nzima ikazorota. Na mimi, fundi wenu, asubuhi ile nilikuwa nyumbani kwa mteja nazima na kuwasha ruta yake, nazima na kuwasha, jasho linanitoka, mpaka mwanawe akaniuliza, "Ami, mbona na kwa jirani hakuna?" Sikuwa nimeuliza. Muulizeni jirani, hasa jirani wa kampuni nyingine. Kwake pia kukiwa kizito, na tovuti za nje zikiwa zimelala huku za hapa nchini zinafunguka, kaeni barazani mnywe kahawa. Hapo tabia yetu ya 2009 ni sahihi.

Muda umekwisha, naona Sheha anaangalia saa. Nimekuja na waya wa mita 3 na kompyuta hii chakavu, na baada ya Isha nitapita nyumba 2 au 3 za karibu, bure, kwa heshima ya mtaa. Nitaanza kwako, Bi Mkubwa, wewe uliyeniambia pale mlangoni kwamba kwenu inakatika usiku tu. Naomba kitu kimoja: usinifungulie mlango mapema kwa kuningojea. Ufunge kama unavyoufunga kila siku. Nitagonga.